Tusiwasingizie Wageni

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa na mwalimu mmoja mstaafu, mama mzaliwa wa Butiama, mbele ya wanachama waliokutana Musoma mjini. Ameomba jina lake lisiandikwe. Tunaichapa karibu yote kama alivyoisema.)



Nimezaliwa Butiama, nimefundisha Bunda karibu maisha yangu yote ya kazi, na sasa nazeeka hapa Musoma. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba nazungumza habari za watu nisiowajua. Nazungumza habari za nyumbani kwangu.

Mbele yetu leo kuna mapendekezo ambayo baadhi ya ndugu zetu wanataka tuyapitishe. Nimeyasoma zaidi ya mara moja. Yanasema kwamba ukatili unaowapata wanawake wa mkoa wetu umeletwa na watu wa kuja: wavuvi wa mialoni, wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Buhemba, vijana wa pikipiki ambao kwao hakujulikani, na watu wanaovuka mpaka kutoka Kenya. Yanasema watu hao waandikwe majina. Kisha yanasema wale wasio na shughuli inayojulikana warudishwe kwao.

Nawaheshimu walioyaandika. Najua wameyaandika kwa uchungu, maana kuna mama amepigwa na kuumizwa, na kila mmoja wetu ameona aibu. Lakini nasimama hapa kuwaomba msiyapitishe. Nasimama pia kuungama, kwa sababu mimi niliwahi kuyapitisha mapendekezo kama haya, na mkono ulioandika majina ya wageni ulikuwa mkono wangu.

KALAMU YANGU

Ilikuwa katika miaka ya themanini. Nilikuwa mwalimu kijana katika kijiji kimoja cha ukingoni mwa ziwa, Wilaya ya Bunda. Nilikuwa na jirani, mama wa watoto wanne, mkulima hodari wa mihogo na pamba. Asubuhi moja tulimkuta amekaa mlangoni pake, mkono umevunjika na uso umevimba hata jicho moja halionekani. Mumewe alikuwa amesimama uani akipiga yowe. Alisema wavuvi wa mwaloni wamemvamia mkewe usiku alipokuwa yeye hayupo.

Hatukuuliza swali. Yowe lilijibiwa na yowe. Vijana wa sungusungu walikusanyika na marungu. Kule mwaloni kulikuwa na watu wa Ukerewe, watu wa Kigoma, Wajaluo, na wengine ambao hata sisi hatukujua wametoka wapi. Kwa kuwa mimi nilijua kusoma na kuandika, niliitwa niandike orodha ya wageni wote. Nikaandika. Nilikuwa na mwandiko mzuri sana. Jioni ile vibanda vyao vilichomwa moto pamoja na nyavu zao, na watu wenyewe wakafukuzwa na wake zao na watoto wao mgongoni. Usiku tulilala tukijiona tumelinda heshima ya kijiji.

Baada ya kama wiki tatu nilikutana na yule mama kisimani. Mkono ulikuwa bado umefungwa. Akatazama nyuma, akaona tuko peke yetu, akaniambia kwa sauti ndogo: “Mwalimu, wale uliowaandika hawakunigusa. Aliyenivunja mkono alikuwa pamoja nanyi siku ile. Alikuwa mbele, ameshika rungu.”

Ndugu zangu, nilifanya nini? Sikufanya kitu. Nilijiambia hayo ni mambo ya nyumba ya watu. Nilijiambia kwamba nikisema sasa, watu wataniuliza kwa nini niliandika. Nikachota maji nikaenda zangu.

Mama yule alikufa kabla ya mavuno ya mwaka uliofuata. Walisema alianguka. Wakati huo kule mwaloni hapakuwa na mgeni hata mmoja. Tulikuwa tumewafukuza wote. Tulibaki wenyeji watupu, na ndani ya kijiji cha wenyeji watupu mama yule akafa.

Tangu siku hiyo, nikisikia watu wanataka orodha ya wageni, nauliza: anayepiga yowe ni nani, na mkononi ameshika nini?

NANI HUWAPIGA WANAWAKE WETU?

Labda mtu atasema hayo ni mambo ya kijiji kimoja, ya zamani. Basi tuiulize Serikali yetu, maana imehesabu. Katika uchunguzi wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015/16, wanawake wa Tanzania wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliulizwa kama wamewahi kupigwa tangu wafike miaka 15. Katika kila wanawake 100, wanawake 40 walisema ndiyo. Uchunguzi wa 2022 ulipata wanawake 27 katika 100. Idadi imepungua na tunashukuru, lakini bado ni zaidi ya mmoja katika kila wanne. Na waliopigwa walipoulizwa ni nani aliyewapiga, aliyetajwa zaidi alikuwa mume: mume wa sasa, au mume waliyekwisha achana naye.

Hawakusema mvuvi, wala mchimbaji, wala mtu wa Kenya. Walisema mume. Mgeni gani huyo, ambaye tulimpokea mahari yake, tukacheza ngoma ya harusi yake, na tunakaa naye katika kikao hiki?

Wala si Tanzania peke yake. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba katika mwaka 2023 wanawake na wasichana 85,000 waliuawa kwa makusudi duniani. Kati yao, kiasi cha 51,100 waliuawa na waume au wapenzi wao au jamaa zao. Hao ni kama wanawake 140 kila siku. Wazee wetu hawakuhitaji hesabu hizo. Walikwisha sema kikulacho ki nguoni mwako. Sisi tunavua nguo za jirani tukitafuta chawa wetu.

MGENI NI NANI KATIKA MARA?

Sasa tuulizane: huyo mgeni tunayemsema ni nani? Mkoa huu wote umejaa watu waliokuja. Kila ukoo una hadithi ya babu aliyetoka mahali, akavuka mto au ziwa, akapewa ardhi. Wazanaki, Wajita, Waikizu, Wakwaya, Waruri, Wakurya, Wajaluo, wote wana hadithi za namna hiyo. Zama za Mwingereza, machimbo ya dhahabu ya Kiabakari na Buhemba yalivuta vibarua kutoka kila upande. Wengine hawakurudi kwao. Wajukuu wao ndio baadhi yetu tuliomo humu ndani, na sitaki kuwataja kwa sababu si aibu yao kutajwa, ni aibu yetu kuuliza.

Na hao tunaotaka kuwarudisha kwao, wengi ni raia wa Tanzania. Katiba yetu ya 1977, katika ibara ya 17, inampa kila raia haki ya kwenda na kuishi mahali po pote katika nchi yake. Tawi la Chama haliwezi kuifuta Katiba kwa kunyosha mikono. Tulipodai uhuru hatukudai Uhuru wa Wajita au Uhuru wa Wazanaki. Kila mwanachama wa TANU aliahidi kwanza kabisa kwamba atawahesabu binadamu wote kuwa ndugu zake. Tukiligeuza neno hilo leo, tutakuwa tumebakiwa na kadi tu.

Lakini kuna jambo jingine ambalo hatupendi kulisikia. Ndugu zangu, nendeni Dar es Salaam. Tuna watoto wetu wengi kule, askari, walinzi, wafanya biashara, wanafunzi. Kule mgeni ni nani? Mgeni ni sisi! Mume akimpiga mke katika nyumba ya kupanga, majirani huuliza: “Ni mtu wa Mara, sivyo?” Kuna msemo unaotembea nchi nzima kwamba mwanamke wa Kikurya asipopigwa huona hapendwi. Watu huusema wakicheka, na wengine wetu tunacheka pamoja nao. Mtu wa Pwani anayempiga mkewe hufarijika sana na msemo huo, maana humwambia kwamba kupiga wake ni ugonjwa wa Mara, na yeye hakuzaliwa Mara.

Je, mnaona mchezo ulivyo? Hapa Musoma tunasema ni watu wa kuja. Dar es Salaam wanasema ni watu wa Mara. Kila mahali mkosaji ametoka kwingine. Na kila mahali mama anapigwa na mtu mwenye ufunguo wa nyumba.

MCHEZO HUU TUNAUJUA

Mchezo huu si mpya kwa Mwafrika. Mkoloni aliucheza juu ya migongo yetu. Katika Rhodesia ya Kusini, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, walowezi walitunga sheria mwaka 1903 ya kumwadhibu mwanamume Mwafrika na mwanamke wa Kizungu wakikutana nje ya ndoa, hata kama mwanamke mwenyewe amependa. Lakini Mzungu aliyemchukua mwanamke wa Kiafrika hakuguswa na sheria hiyo. Mwafrika, mwenye nchi, alifanywa kuwa hatari kwa wanawake. Na mwanamke wa Kiafrika, aliyedhulumiwa jikoni na shambani kwa bwana mkubwa, hakuwa na mtu wa kumsemea. Sheria ile haikuwalinda wanawake. Ilitumia jina la wanawake ili kuwatisha watu waliokwisha nyang'anywa ardhi.

Mtasema huyo ni mkoloni. Basi tutazame Afrika huru. Mwezi wa Julai 2022, huko Krugersdorp, Afrika ya Kusini, wanawake wanane waliokuwa wakipiga picha za sinema ya muziki karibu na machimbo walivamiwa na kubakwa. Ulikuwa uovu mkubwa. Polisi waliwakamata wachimbaji wadogo wa dhahabu zaidi ya 80, wengi wao wageni kutoka nchi za jirani. Wananchi nao walitoka na silaha wakawawinda wageni mitaani na kuwapiga. Watu 14 walishitakiwa kwa ubakaji ule. Baadaye katika mwaka huo huo mashitaka yao yaliondolewa, kwa sababu uchunguzi wa vinasaba haukuwaunganisha na kosa.

Sasa fikirini wale wanawake wanane. Nchi nzima ilipiga kelele kwa jina lao. Wageni walipigwa kwa jina lao. Wao walipata nini? Hasira ilikwisha toshelezwa kwa kupiga wachimbaji, na hasira ikishashiba hailali macho kumtafuta mkosaji wa kweli.

Ulaya nako ni hivyo hivyo. Usiku wa mwaka mpya wa 2016, mjini Cologne, Ujerumani, mamia ya wanawake walishikwashikwa na kuibiwa katika umati wa watu, na wengi wa waliotuhumiwa walikuwa wageni. Hilo lilitokea, na wanawake wale walistahili haki. Lakini waliosimama kupiga kelele kwamba wageni wameleta kudharau wanawake walisahau kitu kimoja. Katika Ujerumani hiyo hiyo, mume aliyemlazimisha mkewe hakuhesabiwa na sheria kuwa mbakaji mpaka mwaka 1997. Nani alileta sheria hiyo ya zamani? Mkimbizi wa Syria?

Wala tusiwacheke Wajerumani. Sheria yetu ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 ni sheria nzuri kwa mambo mengi, lakini ilimwacha nje mke anayeishi na mumewe. Wabunge walioipitisha hawakuwa wageni.

MPAKA WA SIRARI

Nakuja kwenye jambo ambalo najua litawaudhi baadhi ya wazee, na nawaomba radhi mapema. Ni ukeketaji.

Hapa Musoma utasikia kwamba ukeketaji ni mambo ya Tarime. Ukienda Tarime utasikia kwamba sasa mambo hayo yanafanywa Kenya, wasichana wanavushwa Sirari. Ukivuka upande wa pili utaambiwa kwamba mangariba na wasichana wanatoka Tanzania. Mtoto wa kike anapitishwa mpaka kama ng'ombe wa wizi, na kila upande unasema ng'ombe si wake!

Ni kweli watu wanavuka mpaka kwa kazi hiyo. Ndiyo maana mwezi wa Aprili 2019, mjini Mombasa, Serikali za Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na Somalia zilikubaliana kushirikiana kuukomesha ukeketaji wa kuvuka mipaka. Lakini anayemvusha mtoto ni nani? Ni baba yake, mama yake, shangazi yake. Mpaka haumwiti mtoto. Anapelekwa.

Wala si mambo ya Wakurya peke yao. Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waikizu, na sisi Wazanaki, tusijifanye watakatifu. Bibi zetu walipitia huko. Uchunguzi wa 2015/16 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Mara wanawake 32 katika 100 walikuwa wamekeketwa, na taifa zima lilikuwa na 10 katika 100. Mwaka 2022 Mara ilikuwa 28 na taifa 8. Tunashuka, lakini polepole mno, wakati sheria ya 1998 imeweka kifungo cha miaka 5 mpaka 15 kwa mlezi anayemkeketa msichana wa chini ya miaka 18 au kusababisha akeketwe. Na kwa nini tunashuka polepole? Kwa sababu msichana aliyekeketwa huhesabiwa kuwa amekwiva kuolewa, na ng'ombe huja. Ngariba hulipwa, na wazee wa mila hupata fungu lao. Hili si jambo la mila peke yake. Lina mkono wa uchumi, na unyonyaji hauwi halali kwa sababu umevaa ngozi ya mila.

Sasa nisikilizeni. Mwezi wa Desemba shule zinapofungwa, hasa katika miaka ya ukeketaji, wasichana hukimbia. Wengine wana miaka 10 au 12. Hutembea usiku. Hukimbilia nyumba salama. Iko Masanga, Tarime. Ziko nyumba za shirika la Ndugu Rhobi Samwelly, Serengeti na hapa kwetu Butiama. Muulizeni ye yote kati ya watoto hao anamkimbia nani. Hamkimbii mvuvi. Hamkimbii mchimbaji. Anamkimbia baba yake mzazi. Na anayempokea, anayempa uji na blanketi, ni mtu ambaye hakumjua jana.

Hii ndiyo hali yetu, ndugu zangu. Mtoto anawakimbia wenyeji ili aokolewe na wageni, na sisi tumekaa hapa tunataka kuandika majina ya wageni! Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa watoto hawa methali hiyo imekuwa kweli neno kwa neno.

JIBU KWA WENYE MAPENDEKEZO

Nimesikia mtu akinong'ona: “Mwalimu anawatetea wahalifu.” Hapana. Sikatai kwamba wako wageni waovu. Mialoni ina mambo mabaya, najua. Mwanamke anayetafuta samaki wa kuuza huambiwa samaki wana bei nyingine isiyolipwa kwa fedha. Machimboni kuna ulevi na kuna vijana wasioogopa mtu. Mahali penye wanaume wengi, fedha ya siku moja na hakuna mzee, wanawake hupata taabu.

Lakini mtu akitenda kosa, yeye ndiye aliyetenda, si kabila lake, si wilaya yake, si nchi yake. Akamatwe yeye, apelekwe mahakamani yeye, afungwe yeye. Mkurya akiiba ng'ombe hatuwafungi Wakurya wote. Hata mkoloni alipowatoza watu wa kijiji kizima faini kwa kosa la mtu mmoja, tulisema hiyo ni dhuluma. Na dhuluma haibadiliki jina kwa sababu leo tunaifanya sisi.

Tena tazameni jambo hili. Tukiwafukuza wageni, tunawafukuza na wanawake wa kigeni. Mama wa Kigoma anayekausha dagaa pale mwaloni naye hupigwa na mumewe. Atakwenda kumshitakia nani, ikiwa jina lake limo katika orodha ya watu wa kuondolewa? Atanyamaza. Na mwenyeji akimdhulumu mama huyo, anajua hatasema. Orodha yenu itakuwa leseni ya kumdhulumu.

Na iko hasara kubwa zaidi. Siku tutakapopitisha kwamba ukatili umeletwa na wageni, kila mke wa mwenyeji atakuwa amefungwa mdomo. Akisema mume wangu amenipiga, tutamwambia haiwezekani, sisi si watu wa namna hiyo. Mimi niliona mama aliyefungwa mdomo hivyo. Nilimzika.

TUANZIE BUTIAMA

Wengine watasema kumlinda mwanamke ni mawazo ya kigeni nayo, yameletwa na mashirika na Wazungu. Nawajibu kama mtoto wa Butiama. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa mtemi Nyerere Burito aliyekuwa na wake wengi, na mama yake Mgaya alikuwa mmoja wao. Aliiona maisha ya mwanamke wa Kizanaki kwa macho yake. Mwaka 1944 akiwa mwanafunzi Makerere, kijana wa miaka 22, aliandika kitabu kidogo akakiita Uhuru wa Wanawake. Hakikuchapwa mpaka baada ya kufa kwake. Na mwaka 1967, alipoeleza Ujamaa Vijijini, aliwasifu wazee wetu kwa kuishi pamoja na kugawana, lakini hakuficha kwamba walikuwa na dosari, nayo ni jinsi mwanamke alivyodhulumiwa na kubebeshwa kazi kupita haki yake.

Aliyasema hayo juu ya watu wake mwenyewe. Hakusema dosari imeletwa na Wajerumani, ingawa walistahili kulaumiwa kwa mengi. Hiyo ndiyo maana ya kuipenda nchi. Anayeipenda nyumba yake huziba tundu la paa lake, haendi kumlaumu jirani kwa mvua.

Na Serikali yake ilipotunga Sheria ya Ndoa mwaka 1971, iliandika katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzake wa ndoa adhabu ya kupigwa, hata kama desturi inasema vingine. Tangu 1971! Wajukuu wa watu waliooana mwaka ule sasa wanaoana, na bado kuna mzee wa baraza anayemwuliza mwanamke mwenye jeraha: “Ulimkosea nini mumeo?”

TUFANYE NINI?

Sikuja kukataa mapendekezo ya wenzangu bila kuleta mengine. Naomba tuyabadilishe hivi.

Kwanza, tuache kumaliza makosa haya kwa mbuzi. Mama anavunjwa mkono, wazee wanakaa, mume anatozwa mbuzi, na mbuzi analiwa na wazee au anapewa baba wa mwanamke. Mwenye mkono hapati hata mfupa. Kuvunja mkono wa mtu ni jinai, na jinai ni ya polisi na mahakama.

Pili, kila balozi wa nyumba kumi ajue, na awafahamishe watu wake, kwamba aliyeumizwa hupewa na polisi fomu ya PF3 ya kwendea hospitali, na kwamba polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto la kusikiliza mambo haya. Mwanamke asiende peke yake. Aende na mtu wa Chama, na mtu huyo asiwe shemeji wa mumewe.

Tatu, kabla ya likizo ya Desemba, viongozi na walimu wa Musoma, Bunda na Butiama wajue mabinti wao ni wangapi na wako wapi, na shule zikifunguliwa wahesabu tena. Kama mnataka orodha, ndugu zangu, hii ndiyo orodha ya kuandika. Nipeni kalamu nitaiandika mimi, maana mwandiko wangu bado ni mzuri.

Nne, mwanachama anayempiga mkewe asishike uongozi wa tawi hili. Asiwe mwenyeji wala mgeni. Asiwe na jina kubwa wala dogo. Hapa ndipo tutakapojuana kama tunasema kweli.

Mwezi wa Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana katika mji huu ikatoa Azimio la Musoma, kwamba kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi. Kwa ajili ya azimio lile watoto wengi wa kike waliingia darasani, na mimi ni mmoja wa waliowafundisha. Waliotoa azimio lile hawakuuliza mtoto ametoka wapi. Hatuwezi kutoa katika mji huo huo azimio la kuuliza mama ametoka wapi.

Ndugu Mwenyekiti, nimekwisha sema mengi. Najua ni rahisi kutoka hapa na marungu kwenda mwaloni. Ni vigumu sana kutoka hapa na kugonga mlango wa rafiki yako, na kumwambia: “Bwana, jana usiku tumesikia mkeo analia. Tumekuja.” Mimi nilishindwa kuugonga mlango huo, nikiwa na umri mdogo na nguvu zote. Nawaomba ninyi msishindwe.